Mkono wa Kulia wa Sweta

Nilipofika Kambarage, mtaa alikohamia uzeeni, Mama Sekela alikuwa ameshazikwa. Basi la kutoka Tunduma lilitulaza Singida kwa ubovu, na nilipoingia uani wanaume walikuwa wanakunja maturubai, wanawake wanasugua masufuria kwa majivu. Sikuwa ndugu wa mtu pale. Nilisalimia wakubwa, nikaonyeshwa chumba cha wanawake, nikavua viatu na kukaa mkekani mahali ambapo mgongo ungepata ukuta. Kila kochi lilikuwa na kitambaa alichokifuma marehemu, meza ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa gesi umevalishwa. Wanawake walikuwa wanamzungumza marehemu kwa namna ile ya msiba uliokwisha kupoa, kicheko kinaanza kurudi. Mmoja alisema marehemu alikuwa anafumua kazi ya mtu mbele ya macho yake bila hata kumwambia pole. Mwingine akasema ndiyo, lakini akishakufumulia mara ya tatu ulikuwa umejua kufuma. Nililetewa wali na maharage na kipande cha nyama, nikala kichwa chini, maana nilikuwa nimeanza kulia na sikutaka kuulizwa mimi ni nani wa marehemu. Ningejibu nini? Nilikaa kwake mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini, machimboni huko Geita. Baada ya hapo nimekaa Kahama, Mpanda, Chunya, Tunduma, miji yote ya watu wanaopita, na hakuna nyumba niliyokaa mpaka nikaipaka rangi.

Aliyenitambua ni Zainabu. Aliingia na sinia la vikombe, amenenepa, mtandio umemteleza, akasimama katikati ya chumba. "Kabula," alisema. "Bado unatembea tu?" Nikamwambia bado. Akaliweka sinia chini, akakaa karibu yangu mpaka magoti yakagusana, akanimiminia chai. Bibi mmoja akauliza kama tunajuana. Zainabu alijibu kwamba marehemu ndiye aliyetufundisha kufuma, sisi wawili pamoja, zamani, tukiwa wasichana. Ni kweli, na yule bibi akaridhika.

Mwaka ule nilimfuata mwanamume machimboni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, yeye alikuwa na tochi ya kichwani na maneno mazuri, na hayo yanatosha kueleza. Tulipanga chumba kimoja kati ya vitatu vya uani kwa Mama Sekela: tofali mbichi, bati lililokandamizwa kwa mawe, dirisha la mbao lisilo na kioo. Karasha za kusaga mawe zilianza kazi pamoja na jogoo, na vumbi lake jeupe lilitua kwenye kila kitu, kwenye uji, kwenye nywele, kwenye kisamvu kilichoanikwa. Mama Sekela alitokea Makete, ambako alisema mwezi wa sita nyasi zinaamka nyeupe kwa baridi, na mtoto wa kike anajua kufuma kabla hajajua kusonga ugali. Wenyeji walimcheka. Masweta, Geita? Kulikuwa na mama mmoja wa Kisukuma aliyeuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, njiani, na kila akipita alimsalimia kwa lugha yake, "Mwangaluka mayo, leo unamfumia nani, jua?" Lakini Mama Sekela aliwajua wateja wake. Wachimbaji walitoka kila pembe, na wale wa Makete, wa Tukuyu, wa Mbulu, wa Lushoto, walirudi kwao msimu wa baridi. Mtu aliyekaa chini ya ardhi mwaka mzima na hana cha kuonyesha anataka angalau ashuke kwenye basi akiwa amevaa sweta ambalo kijijini hakuna.

Alikuwa anafumia spoku za baiskeli, alizozichonga ncha kwenye jiwe mpaka zikateleza zenyewe. Sufu aliipata kwenye mitumba ya Kahama: ananunua sweta kubwa lililotoboka, analifumua, anaosha uzi, anautundika juani ukiwa umefungiwa jiwe ili unyooke. Sisi wanafunzi alitupanga kwa madaraja na hakuona haya kuyataja mbele ya wageni. Mimi nilikuwa wa skafu. Zainabu, Mrangi wa Kondoa aliyepanga chumba cha kati na mume wake fundi wa karasha, alikuwa wa kofia na soksi, na kwa sindano ya kroshia aliweza chochote. Misuko ilikuwa ya Mama Sekela peke yake. Msuko ni ule mchirizi mnene unaopanda kwenye sweta kama nywele zilizosukwa. Unafika mahali, unavitoa vitanzi vitatu kwenye spoku, unavishikiza kwenye kijiti kifupi, unakiweka mbele au nyuma, unafuma vitatu vinavyofuata, kisha unavirudia vile ulivyovisubirisha. Vimevukana. Ukiambiwa inaonekana rahisi. Mimi nilikuwa nasahau mbele na nyuma, msuko wangu unageuka njiani kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na Mama Sekela ananyoosha mkono, anachomoa spoku, anavuta uzi wote huku anaendelea kuzungumza na Zainabu habari za dagaa. Alitueleza kwamba kitambaa chenye misuko hujivuta. Kinakuwa kinene mara mbili na kinabana, kwa hiyo uanze na vitanzi vingi kuliko unavyodhani. Ukimvalisha mtu, kinamshika.

Mimba yangu ilipoonekana niliomba nifundishwe kitu kidogo, kisweta cha mtoto, nikidhani kidogo ni chepesi kujifunzia. Mama Sekela aliacha kufuma. "Kabula, mtu hajafika, unamtandikia kitanda?" Zainabu alisema kwao Kondoa ni hivyo hivyo, mtoto wa tumboni hafumiwi, hanunuliwi, hata kanga ya kumpokelea hutafutwa siku yenyewe. Nami nilikubali, kwa sababu kwetu nilishasikia habari ya mwanamke aliyetanguliza nguo, na habari hiyo ilisimuliwa kwa sauti ya chini. Mkinga, Mrangi na mimi Msukuma, tuliokuwa tunabishana hata juu ya chumvi ya mboga, hapo tulikubaliana. Ua ule ulikuwa na madonge ya sufu mpaka uvunguni mwa kitanda, na hapakuwa na uzi hata mmoja wa mwanangu. Siku hizi nafuma sana kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa. Pale Tunduma wapo wajawazito wanaokataa kupokea visweta vyangu, wananiangalia kama mchawi. Nawaambia kitakaa kabatini kwangu, wakikihitaji wamtume mtu. Nilipomweleza Zainabu hayo msibani alitikisa kichwa. Alisema yeye mpaka leo hathubutu, na watoto wake wote sita walizaliwa wakakuta kanga tupu.

Mwezi wa sita ikasikika kwamba kumetema. Ni neno la machimboni: dhahabu imeonekana mahali, na yeyote asiyewahi ataikuta imeisha. Safari hii ilikuwa mbali, porini. Watu walihama kwa siku moja kama nzige walioshtuliwa. Mume wangu, tuseme mume, alipanda Fuso na sururu yake na blanketi letu, akasema tungeonana kabla sijajifungua. Sikumwona tena, wala habari hii haimhitaji. Kilichotuumiza ni magari. Kila chenye magurudumu kiliwafuata watu, kuanzia malori mpaka pikipiki, na barabara ikabaki nyeupe, imelala. Ndiyo wiki uchungu uliponishika, miezi miwili kabla ya wakati wake, mchana, nikiwa nimeinama kuchambua mchele. Alizaliwa mtoto wa kiume ambaye hakulia. Alipumua, lakini sauti aliyotoa ilikuwa kama ya mlango mwepesi unaosukumwa na upepo. Muuguzi wa zahanati alikuja kwa miguu, akamtazama, akanilaza naye kifuani ngozi kwa ngozi, akasema kazi yetu ni moja tu: asipoe. Maziwa yatakuja, gari litakuja, lakini akipoa hatutakuwa na mtu wa kumpeleka. Kisha akauliza kofia yake iko wapi. Tulitazamana.

Zainabu alikimbilia chumbani kwake akarudi na kofia aliyokuwa amemaliza kumfumia mchimbaji. Ilimmeza mtoto mpaka tumboni. Zainabu alicheka, kisha akajifunika uso kwa mtandio. Nakumbuka nilivyotazama rundo lile la sufu kwenye kona na kuona kwamba yote ni ya watu wazima, watu wanene wenye mabega, watu ambao tayari wapo. Mama Sekela alitoka, akarudi na mkono wa sweta. Ulikuwa mkono wa kulia, umekwisha, unasubiri kushonwa begani. Sufu ya kijivu, msuko mnene ukiteremka katikati kutoka juu hadi chini. Alimwingiza kwa upande wa bega, miguu ikitangulia, polepole, huku akimwambia maneno ya Kikinga ambayo hakutufasiria. Sufu ilinyooka kidogo, kisha ikajivuta na kumshika. Kichwa tu kilibaki nje, na hicho Zainabu alikuwa ameshaanza kukifumia kofia kwa kroshia. Tulipeana zamu. Anakaa kifuani kwangu, nikichoka kifuani kwa Mama Sekela, kisha kwa Zainabu, na kati ya kifua na kifua anakaa ndani ya mkono ule. Maziwa tulimdondoshea kwa kijiko. Kila mmoja alikuwa akinyoosha kidole kumgusa unyayo kujua kama bado ana joto, na kila mmoja alijifanya hajamwona mwenzake akifanya hivyo.

Asubuhi yake alikuja mwenye sweta. Aliitwa Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, ambalo lilikuwa bado linatoa kidogo kidogo. Ndiyo maana hakukimbilia porini na wengine. Tulikuwa tumeomba asije. Wachimbaji wa pale walikuwa na miiko yao, na mmojawapo ulikuwa huu: mtu ambaye nguo yake imegusa uzazi hashuki duarani, maana dhahabu inajificha kwenye mwamba, na akishuka kwa nguvu wenzake ndio hawatashuka. Mama Sekela hakumzungusha. Alimfungulia mlango wa chumba changu, jambo ambalo mwanamume hafanyiwi, akamwonyesha. Ambakisye alisimama kizingitini. Aliniambia pole na hongera kwa pamoja, kama mtu asiyejua ipi itangulie. Kisha akamgeukia Mama Sekela.

"Huo ni mkono upi?"

"Wa kulia, baba."

"Mama yangu nimeshamtumia salamu kwamba nakuja na sweta."

"Najua."

Akafikiri. "Basi nishonee wa kushoto," alisema. "Wa kulia atanirudishia akishakua."

Ni yeye aliyetutafutia usafiri. Alikwenda kwa miguu hadi kwa wachenjuaji, wale wanaoitenga dhahabu na mchanga, akarudi na trekta la kubeba maji, tukaketi juu ya tangi tupu hadi barabara kuu, mtoto ndani ya mkono, mkono ndani ya nguo yangu. Hospitalini manesi walimtazama wakacheka, wakampa jina la Bwana Mkono, na lilimganda kwa sababu hatukuwa tumempa lingine. "Bwana Mkono ameamkaje?" "Bwana Mkono leo amekataa kijiko, anataka heshima." Wodi ile ilikuwa na dirisha refu na joto la watu wengi, na mazungumzo ya wanawake ambao wote walikuwa wanasubiri jambo lile lile. Mmoja kutoka Sengerema alikuwa akituambia ndoto zake kila asubuhi mpaka mwenzake akamwomba aote kimya kimya. Mama Sekela alikuja na uji wa ulezi, na spoku, na donge dogo la sufu ya kijivu. "Sasa amefika," alisema. "Sasa fuma." Nikaanza kisweta chake, na safari hii vidole havikusahau mbele na nyuma. Nilifuma msuko wangu wa kwanza ulionyooka nikiwa nimekaa sakafuni kando ya kitanda, na Mama Sekela aliutazama kwa karibu, akautazama kwa mbali, hakuchomoa spoku. Mtoto alipoanza kunyonya mwenyewe tuliruhusiwa kwenda nyumbani, tukaambiwa tumweke mbali na moshi na vumbi. Sikusema tunakoishi.

Uani hatukuwa na mizani. Zainabu ndiye aliyebuni namna. Kila Ijumaa baada ya swala alimwingiza Bwana Mkono kwenye mkono wa sweta, akauweka ukingo wa bega chini ya kwapa zake, akapapasa kwa nje mpaka aupate unyayo, akafunga kipande cha uzi mwekundu kwenye msuko mahali hapo. Ijumaa iliyofuata unyayo uliupita uzi. Akafunga mwingine chini yake. Ijumaa nyingine ukaupita tena, kwa upana wa kidole, na Mama Sekela akapika wali na kuku kama siku ya sikukuu, akamwita na yule mama wa michembe, ambaye alikula, akamtazama mtoto, akasema kumbe alikuwa akifumiwa huyu. Ambakisye alikuwa akipita jioni kuuliza. Wenzake walikuwa wameshasikia. Walimwambia abaki juu avute kamba, na kwenye duara lake mwenyewe alivuta kamba kama kibarua. Baridi ya Tukuyu ilikuwa inakwisha na hakwenda. Zainabu alimtania kwamba amekwama kwa ajili ya mkono mmoja wa sweta. Alisema hana haraka, anataka kuona nyuzi nyekundu zimefika wapi.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo uzi ulifungwa juu ya uzi, mahali pale pale. Zainabu alipapasa, akapapasa tena, akasema labda amekunja goti. Ijumaa iliyofuata alifunga tena pale pale. Upepo ulikuwa umegeuka na vumbi la karasha lilikuwa linatujia moja kwa moja. Tulitundika kanga zilizolowa mlangoni na dirishani, jioni zilikuwa zimekauka na kuwa nyeupe, ukizikunja zinavunjika. Akaanza kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa kidogo hivi kwamba ulihitaji kunyamaza ili ukisikie. Muuguzi alimpa dawa, akasikiliza kifua, akasema turudi hospitalini leo hii, tusingoje kesho. Tulikwenda kusubiri gari kwenye kibanda cha barabarani, Mama Sekela na mimi. Nilikuwa nimembeba tangu alfajiri. Mama Sekela aliniambia mlete huku, zamu yako imekwisha, kula andazi. Nikampa. Nikala andazi. Nimerudia jambo hilo kichwani katika miji yote niliyokaa, na kila mara nanyoosha mikono na kumpa, na kila mara andazi ni la moto. Gari lilipotokea, pikapu ya mtu wa samaki, nilisimama nikapunga. Lilisimama. Mama Sekela hakuinuka. Alikuwa amemkumbatia vilevile, kidevu juu ya kofia yake, akamtazama dereva.

"Nenda tu, baba," alimwambia.

Hivyo ndivyo nilivyojua.

Machimboni hapakuwa na makaburi ya ukoo wa mtu. Wachanga walizikwa nyuma ya mihogo, bila watu wengi, na kwa kawaida ni wanawake tu waliokwenda. Mama Sekela alichemsha maji. Alitaka kumtoa kwenye mkono ule, aufue, aukaushe, amrudishie mwenyewe. Deni la mtu huzikwi nalo, alisema, na sauti yake ilikuwa kali kama siku za kufumua. Nilikuwa nimeshika kile kisweta changu ambacho kilikuwa mgongo tu, spoku bado zimo. Ambakisye aliingia uani saa sita mchana, jua la kupasua kichwa. Alikuwa amelivaa sweta lake. Lilikuwa zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona pale, misuko ikipanda kifuani, ukosi umekaa, mkono wa kushoto umeteremka hadi kiganjani. Upande wa kulia bega limeishia kwenye ukingo mtupu wa vitanzi vilivyofungwa, na mkono wake mweusi uko wazi. Jasho lilikuwa linamtiririka. Wenzake walikuwa wamesimama mbali, kwenye mirundo ya mawe, na hakuna aliyecheka.

"Mwacheni nao," alisema.

Alichimba mwenyewe, kwa sururu yake. Ardhi ile ilikuwa ngumu na alichimba kina kirefu kuliko desturi, kwa sababu ya mbwa, lakini kwa upana halikuwa shimo la mtu kuingia. Zainabu alikuwa amempapasa mara moja ya mwisho kwa nje ya sufu, hakufungua zile nyuzi nyekundu. Ambakisye alilala kifudifudi ukingoni, kifua na misuko yote kwenye udongo, akampokea kutoka kwangu. Akamshusha kwa mkono wa kulia, ule ulio wazi, polepole, mpaka bega likagusa ardhi na mkono wote ukawa umezama. Akakaa hivyo. Mama Sekela alimwambia inatosha, baba, ameshafika chini.

Akasema bado, anamlaza vizuri.